Divisheni si msimamo wa ligi

Tangazo lile lile linasambazwa tena kwa vijana wa Iten na Eldoret: nafasi ya chuo Marekani, Divisheni III, ufadhili kamili wa riadha. Ni uongo, na kuna wazazi wanaouza ng'ombe ili wamlipe wakala anayeusema. Chuo cha Divisheni III ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakiruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo hata senti moja. Msaada uliopo huko hutokana na alama za darasani au kipato cha familia, na si kila chuo humpa mgeni.

Uongo huu unapita kwa sababu wengi tunadhani timu hupanda na kushuka divisheni kwa matokeo yake. Hakuna kitu kama hicho. Chuo cha Mount Union kimetwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani wa Divisheni III mara 13 na bado kiko pale pale. Tangu 1973, chuo huchagua divisheni na kubeba masharti yake: Divisheni I kiwe na angalau aina 14 za michezo, au 16 kama futiboli yake iko FBS, ngazi ya juu ya futiboli hiyo, na Divisheni II angalau 10. St. Thomas ya Minnesota iliruka kutoka III hadi I mwaka 2021, na nakubali kwamba ilikuwa imewazidi nguvu wenzake. Hata hivyo ililazimika kuomba kibali. Vikombe peke yake visingeipandisha.

Njia yenyewe ya kukimbia hadi chuo Marekani ni ya kweli. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Mtanzania Suleiman Nyambui alipitia UTEP, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Ndiyo maana hesabu lazima ijulikane. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni I, riadha na mbio za nyika pamoja, iliruhusiwa jumla ya ufadhili kamili 12.6 tu, ikaugawa vipande vipande kwa wakimbiaji wengi. Wanawake walikuwa na 18. Baada ya maridhiano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, Juni 2025, vyuo vilivyoyakubali vina kikomo cha wachezaji badala yake: 45 wa riadha, 17 wa nyika. Kanuni imelegea, lakini si kila chuo kina fedha za kulipia nafasi zote hizo. Vyuo vya Ivy League, vile vinane vya kale kama Harvard na Yale, viko Divisheni I na havitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Kwa hiyo ofa kamili ya Divisheni II inaishinda ofa ya asilimia 30 ya Divisheni I, hata jina la chuo likiwa kubwa namna gani. Daini ofa kwa maandishi, kila kitu kwa dola: ada, malazi, chakula, vitabu, bima, na kama ni ya mwaka mmoja au zaidi. Kisha soma fomu ya I-20, ambayo chuo hutoa kwa ajili ya viza ya mwanafunzi, kabla ya kumlipa mtu yeyote. Inaonyesha gharama ya mwaka na nani anailipa. Pengo lolote linaloandikwa kwa jina la familia ni deni lenu, na ubalozini mtaulizwa fedha hizo ziko wapi.