Kocha amefukuzwa, aliyeunda kikosi yuko wapi?

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, sentensi ni ile ile: kocha aondoke. Wiki hii nimeisoma tena kwenye kundi letu la mashabiki wa kikapu, na walioiandika si wageni wa mchezo. Ni watu wanaokesha kuangalia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wanaojua nani uwanjani analinda na nani anasindikiza tu, wanaokumbuka matokeo ya miaka kumi iliyopita. Likija suala la nani abebe lawama, wote hukimbilia benchi la ufundi. Imenikera, na nitaeleza kwa nini.

Turudi msimu wa 2024/25. Desemba 26, 2024, Sacramento Kings wako nyumbani dhidi ya Detroit. Wanaongoza kwa pointi tatu na zimebaki sekunde chache. Jaden Ivey wa Detroit anarusha mpira wa pointi tatu, unaingia, na papo hapo De'Aaron Fox wa Kings amemchezea faulo. Ivey anaenda kwenye mstari, anaweka na ule wa ziada. 114-113, wenyeji wamelala. Kesho yake kocha Mike Brown anasimamia mazoezi kama kawaida, anazungumza na waandishi wa habari, anaingia kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege maana timu inasafiri kwenda kucheza na Lakers. Yuko njiani, simu inaita. Kibarua kimeota nyasi.

Huyo ndiye aliyewatoa Kings kwenye misimu 16 bila kuonja hatua ya mtoano, ukame mrefu kuliko wowote katika historia ya ligi. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya kocha bora kwa kura zote, hakuna hata mpiga kura mmoja aliyeandika jina lingine kileleni. Katikati ya 2024 wakamwongezea mkataba. Haukufika mwisho wa mwaka.

Sasa nani alimleta DeMar DeRozan Sacramento kiangazi kile? Nampenda DeRozan, niseme wazi. Lakini anaishi katika eneo lile lile la kati ambalo Fox na Domantas Sabonis walikuwa wanalifanyia kazi tayari, na mtu yeyote aliyewaangalia kwa wiki mbili aliona msongamano. Brown hakwenda sokoni, alikabidhiwa kikosi akaambiwa ashinde nacho. Wiki chache baada ya yeye kuondoka, Fox naye akapelekwa San Antonio, akaja Zach LaVine kutoka Chicago. Yaani DeRozan na LaVine wakakutanishwa tena, wale wale ambao Chicago waliwapeleka mtoano mara moja tu, 2022. Kings wakamaliza na ushindi 40 na vipigo 42, wakatolewa na Dallas kwenye mchujo wa kuwania kuingia mtoano. Usiku ule ndipo klabu na meneja mkuu, yaani msajili wa kikosi, walipoachana, zaidi ya miezi mitatu baada ya kocha kulipa deni.

Aliyepandisha hasira hadharani kuhusu Brown alikuwa Michael Malone wa Denver. Alisema mbele ya waandishi kwamba kumwacha mtu amalize mazoezi kisha kumfukuza kwa simu ni kukosa utu na kukosa ujasiri. Alikuwa na haki ya kusema, maana Kings hao hao walimtimua yeye Desemba 2014, timu ikiwa imetetereka kwa sababu nyota wake DeMarcus Cousins alikuwa anaugua homa ya uti wa mgongo. Denver wakamchukua, akakaa misimu kumi, akawapa ubingwa wa kwanza katika historia ya klabu, 2023, na akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote waliopita pale.

Aprili 8, 2025, zikiwa zimebaki mechi tatu msimu wa kawaida uishe, Denver wakamfukuza. Ushindi 47, vipigo 32, wakiwa ndani ya nafasi za mtoano. Mechi tatu! Siku chache kabla, Memphis walikuwa wamemfanyia hivyo hivyo Taylor Jenkins zikiwa zimebaki mechi tisa, naye pia ndiye kocha aliyeshinda mechi nyingi zaidi katika historia ya klabu yao.

Kwa Denver nakubali jambo moja, ingawa shingo upande: meneja mkuu wao, Calvin Booth, alifukuzwa siku ile ile. Huo ulikuwa uungwana kuliko nilivyozoea. Lakini tangu ubingwa ule, Bruce Brown aliondoka, Kentavious Caldwell-Pope akaondoka, na pengo la watu hao wawili halikuzibwa. Ni Malone aliyekuwa anasimama kila usiku kuwaeleza waandishi kwa nini ulinzi umevuja.

Kwa nini kila mara ni kocha? Jibu liko kwenye hesabu za mishahara, na hapa ndipo ningependa wenzangu wasome taratibu. Mchezaji humwondoi kwa kuamka tu asubuhi. Klabu iliyovuka kikomo cha mishahara, inapobadilishana wachezaji, lazima ilinganishe mishahara inayotoa na inayopokea. Ikivuka mstari wa pili, wa juu zaidi ya kikomo hicho, uliowekwa kwenye mkataba wa ligi wa 2023, hairuhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa. Kocha hayumo kwenye hesabu hiyo. Mshahara wake hauhesabiwi kwenye kikomo, hakuna klabu ya pili ya kukubaliana nayo, hakuna tarehe ya mwisho mwezi Februari kama ile ya kubadilishana wachezaji. Anahitajika tajiri mwenye hasira tu. Detroit walimpa Monty Williams mkataba wa miaka sita, wakamfukuza baada ya mmoja, huku wakibaki na deni la zaidi ya dola milioni 60. Fedha ile haikuwazuia kusajili hata mchezaji mmoja.

Ukitaka kuona ugonjwa huu ukiwa umekomaa, waangalie Phoenix. Februari 2023 walimchukua Kevin Durant, wakawapa Brooklyn Mikal Bridges, Cam Johnson na chaguo nne za raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya. Miezi minne baadaye wakamchukua Bradley Beal, mwenye mkataba mnono na kifungu adimu kabisa: hahamishwi bila ridhaa yake. Kwa mikono yao wenyewe wakajifungia mlango na ufunguo wakautupa. Hawana vijana, hawana chaguo, hawana nafasi kwenye mishahara, na kila wazo la kumhamisha Beal lazima lipite kwa Beal mwenyewe. Kikawa kimebaki kitu kimoja tu kinachobadilishika. Hata kabla Beal hajafika, Mei 2023 alikuwa ameondoka Monty Williams, yule yule aliyekwenda Detroit, aliyewafikisha fainali ya 2021 na kuwapa ushindi wa mechi 64 msimu uliofuata. Mei 2024 akaondoka Frank Vogel baada ya msimu mmoja. Aprili 2025 akaondoka Mike Budenholzer, naye baada ya msimu mmoja. Makocha watatu katika miaka miwili, na wawili wa mwisho walikabidhiwa watu watatu wale wale wanaohitaji mpira mmoja, Durant, Beal na Devin Booker, bila mrefu wa kutegemewa chini ya kikapu. Ndipo wakagundua kwamba tatizo ni kikosi: kiangazi kile Durant akapelekwa Houston na Beal akalipwa aende zake. Aliyekuwa meneja mkuu akasogezwa pembeni akawa mshauri.

Vogel na Budenholzer si makocha wa kuokoteza. Vogel aliwapa Lakers ubingwa 2020, wakamfukuza 2022. Budenholzer aliwapa Milwaukee ubingwa 2021, wakamfukuza 2023. Nick Nurse aliwapa Toronto ubingwa 2019, wakaachana naye 2023. Ukimwongeza Malone, mabingwa wanne wa miaka ile walimtimua kocha aliyewavisha pete, na hakuna aliyevumiliwa zaidi ya miaka minne tangu siku ya sherehe. Halafu New York, Juni 2025, wakamfukuza Tom Thibodeau siku chache baada ya kuwafikisha fainali ya Kanda ya Mashariki, hatua ambayo hawakuwahi kuifikia tangu 2000. Nafasi yake akapewa Mike Brown, yule yule aliyepigiwa simu akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Najua mtakachonijibu. Cleveland walimfukuza David Blatt Januari 2016 akiwa na ushindi 30 na vipigo 11, Tyronn Lue akachukua timu, Juni wakawa mabingwa. Golden State walimwondoa Mark Jackson 2014, Steve Kerr akaja, 2015 wakabeba. Sawa. Na David Adelman, aliyerithi kwa Malone, aliwatoa Clippers katika mechi saba na kuwasukuma Oklahoma City, mabingwa wa mwaka ule, hadi mechi ya saba. Sikatai kwamba wakati mwingine chumba cha kubadilishia nguo kinaoza na sauti mpya inasaidia. Lakini Cleveland walikuwa na LeBron James, Kyrie Irving na Kevin Love, na Golden State walikuwa na Stephen Curry anayeingia kwenye ubora wake. Kocha mpya alikuta kikosi kizima. Nyie mnaotaka kocha aondoke kwenye kikosi kisicho na mlinzi hata mmoja wa pembeni, mnategemea huyo mpya alinde yeye?

Miami walijua hilo. Novemba 2010, LeBron, Dwyane Wade na Chris Bosh ndiyo kwanza wameungana, timu ina ushindi 9 na vipigo 8, na kila kona inataka kocha Erik Spoelstra aondoke ili Pat Riley, rais wa klabu, ashuke kutoka ofisini kuchukua timu. Riley hakushuka. Hata walipopoteza fainali ya 2011 mbele ya Dallas, hakushuka. Ubingwa ukaja 2012 na 2013, na kijana yule aliyetakiwa kufukuzwa akawarudisha Miami fainali 2020, tena 2023 wakitokea nafasi ya nane. Riley ndiye aliyekijenga kikosi kile, akabeba lawama za kazi yake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu tuliliona kwa Mtanzania Hasheem Thabeet. Memphis walimchagua wa pili katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden aliyekwenda wa tatu na Curry aliyekwenda wa saba. Tulifurahi kupita kiasi. Lakini Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Yule kijana, aliyeuanza mchezo akiwa amechelewa na aliyehitaji dakika kuliko kitu chochote, angecheza wapi? Msimu wake wa kwanza haujaisha wakamshusha ligi ya chini. Februari 2011 wakampeleka Houston ili wampate Shane Battier, mwaka uliofuata Houston wakampeleka Portland. Akahamishwa kama kipengele cha kukamilisha mahesabu, na hadi leo jina lake linatajwa kwenye orodha za drafti zilizofeli. Lake yeye. Mtu aliyeamua achaguliwe kwenye timu isiyo na nafasi yake hayumo kwenye orodha yoyote, na nina uhakika kwenye kundi letu hakuna anayemkumbuka kwa jina. Hili linaniuma zaidi ya mengine yote.

Ndiyo maana nawaheshimu mashabiki wa Dallas. Februari 2025 meneja mkuu wao, Nico Harrison, alimpeleka Luka Dončić Lakers, kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali miezi minane kabla, akamchukua Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja tu la raundi ya kwanza, la 2029. Mchezaji hakujua. Kocha Jason Kidd alijulishwa dakika za mwisho, kisha siku iliyofuata akakaa kwenye meza moja na Harrison mbele ya waandishi kuzungumzia uamuzi ambao haukuwa wake, na jioni timu yake ikapigwa 144-101 na Cleveland. Davis akaumia kwenye mechi yake ya kwanza. Mwezi uliofuata Irving, ambaye sasa alikuwa Dallas, akachanika goti. Ingekuwa mji mwingine, wangeimba Kidd aondoke.

Dallas hawakuimba hivyo. Uwanjani, mechi baada ya mechi, walipaza sauti kutaka Nico afukuzwe. Dončić aliporudi Aprili akiwa na jezi ya Lakers alilia kwenye benchi, akafunga pointi 45, na watu wa Dallas wakamshangilia yeye huku wakiendelea kulitaja jina la aliyemuuza. Hata bahati ya kushinda chaguo la kwanza la drafti na kumpata Cooper Flagg haikuwanyamazisha. Novemba 2025, timu ikiwa na ushindi 3 na vipigo 8, Harrison akafukuzwa na Kidd akabaki. Ilichukua miezi tisa ya watu kukataa kugeuzwa shingo.

Kwa hiyo wenzangu wa kundi letu, timu yenu ikifungwa kesho, niandikieni kwanza nani aliyesajili benchi lile, alilipa nini, na nani aliongezewa mkataba asiostahili. Mkimaliza hapo, tutazungumza kuhusu kocha.