Seli moja moja au kinyama kizima: kovu la vikope na uchunguzi wa kinga ya mwili

Mtoto wa Kongwa, wilaya ya Mkoa wa Dodoma, anapogeuzwa kope la juu, mpimaji hutafuta vijipele vyeupe upande wa ndani, na akivikuta vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, huandika kwamba mtoto ana vikope (trakoma), ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria, kwa kufuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1987. Vijipele hivyo ni makundi ya seli za kinga zilizokusanyika kupambana na bakteria, na kinachompofusha mtu miaka mingi baadaye ni kovu linalotokana na mapambano yaliyorudiwa mara kwa mara. Kovu hilo huweza kuendelea kukua hata pale vipimo visipoonyesha bakteria tena. Ni seli zipi zinazoliendeleza, na zimekaa wapi? Hapo ndipo njia mbili za utafiti zinaposhindana, na vijana wanaosomea sayansi za tiba hapa Dodoma huniuliza waanze na ipi.

Njia ya kwanza husoma RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, ya kila seli peke yake. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na tangu mwaka 2015 matone madogo ya mafuta na maji yamewezesha kusoma maelfu ya seli kwa mkupuo mmoja. Nguvu yake ni kwamba mtafiti halazimiki kujua mapema anachokitafuta, kwa hiyo seli ambayo hakuna aliyeitarajia huweza kujitokeza yenyewe. Zaidi ya hayo, pamba ikipitishwa kwenye kope hutoa seli bila mtoto kukatwa, jambo ambalo mzazi yeyote atalipokea kwa moyo mwepesi zaidi. Hata hivyo, seli hizo zinapaswa kushughulikiwa ndani ya saa chache au kugandishwa vizuri. Neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu ambazo hujaa kwenye jicho lililovimba, hufa upesi na mara nyingi hupotea kwenye hesabu. Kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye kope, kikitumika badala ya pamba, vimeng'enya vya kuzitenganisha seli huzishtua kiasi cha kuwasha jeni ambazo hazikuwa zikifanya kazi, na jirani wa kila seli hajulikani tena.

Ujirani huo ndio unaohifadhiwa na njia ya pili, ambayo kingamwili (protini za kinga ambazo kila moja hunasa protini yake mahususi) zilizofungwa rangi au metali hupakwa juu ya kipande chembamba cha kinyama, kisha picha ikasomwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likionyesha protini moja. Kwa kutumia metali, tangu mwaka 2014 imewezekana kuona protini zipatazo 40 kwenye kipande kimoja. Udhaifu wake sio mdogo: picha hujibu tu lile ulilouliza, kwa kuwa protini usiyoichagulia kingamwili haitaonekana, na seli zilizolaliana huichanganya kompyuta inayochora mipaka yake.

Kwa maoni yangu, kwa swali la kovu tuanze na picha. Kovu ni jambo la ujirani: seli fulani inaichochea nyingine iliyo kando yake kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazounda kovu, na orodha ya seli zilizotawanywa, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kutuonyesha nani alikuwa kando ya nani. Watu wazima wanaofanyiwa upasuaji wa kope lililogeukia ndani kwa kuvutwa na kovu wanaweza kuombwa ridhaa, na kinyama chao kikiwekwa kwenye nta hukaa miaka bila jokofu wala umeme. Lakini nakiri kwamba hao wamefika mwisho wa ugonjwa. Mwanzo wake uko kwa mtoto, ambaye siwezi kutetea kukatwa kwake kwa ajili ya utafiti, na huko pamba na usomaji wa seli moja moja ndiyo njia iliyobaki.

Mashine zenyewe zinaweza kuwa mbali na Dodoma. Kazi isiyoweza kuhamishwa ni ile ya chumba cha upasuaji, ambako mtu anapaswa kuandika ni kope la jicho lipi na kinyama kimeingia kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, saa ngapi, kwa sababu kilichosahaulika humo wiki nzima hakishikiki vizuri na kingamwili, na mgonjwa aliyekitoa hawezi kukatwa tena.