Ni Kweli, Nilikuwa Natafuta Kiki

Nimeamua kusimulia mwenyewe kabla hadithi haijafika pale ambapo nilizikwa. Rafiki yangu mmoja, hapa nitamwita Msambazaji kwa sababu ndiyo kazi anayoifanya tangu jana jioni bila kulipwa, ameshawaambia watu kwamba nilinyanyua tairi la mbele la pikipiki makusudi, tena nikiwa nimempakia shangazi yangu. Eti natafuta kiki.

Toleo lake lina uongo mwingi na ukweli mmoja. Huo ukweli ndio unaoniuma.

Nilichotaka ni starehe, jamani. Anayeenda safari ndefu na pikipiki ndogo ananielewa. Injini inalia kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo, vishikio vinatetema, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Ukishuka unashindwa hata kufungua zipu ya koti, unasimama kando ya barabara kama mtoto anayesubiri mama aje. Mbio sikuzitaka, naomba hilo lieleweke.

Sasa, sproketi ni lile gurudumu la meno linaloshika cheni, na pikipiki yangu ilikuwa na sproketi ya meno 14 mbele na ya meno 42 nyuma. Maana yake ile ndogo inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka ya meno 15 mbele, hiyo tatu inashuka hadi 2.8, na kwa mwendo uleule injini inapumua kidogo. Jino moja la kuongeza mbele ni karibu sawa na kupunguza matatu nyuma. Haya yote aliniambia Msambazaji mwenyewe, akamalizia kwa sauti ya upole ambayo sasa naiona ilikuwa ya kinabii: "Weka jino moja tu, ujaribu kwanza."

Nikamwambia sawa. Nikanunua ya meno 16.

Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa chini, spana zimeshatoka na tairi la nyuma limeshafunguliwa, nikaona ni dhambi kuiacha ile kubwa ilivyo. Nikaweka ya meno 38. Wenye kalamu gaweni: 38 kwa 16 ni 2.375. Nilikuwa nimepunguza karibu asilimia 21, na nilipoiona namba hiyo nilitabasamu peke yangu, maana nilidhani hiyo ni asilimia ya starehe.

Kazi yenyewe, msinicheke, niliifanya vizuri. Sproketi ya 16 ilikuwa inasugua kifuniko cha pembeni, nikakitengeneza kwa tupa mpaka ikapata nafasi. Cheni ilizidi kidogo, nikalivuta tairi nyuma milimita sita hivi, nikahakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, nikaacha cheni ilegee milimita 25. Hata klipu ya cheni niliielekeza inavyotakiwa, upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Mafundi waliopo humu mnajua ni wangapi huikosea hiyo. Ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye nati ya ekseli, lakini hayo ni ya kawaida.

Nikaenda kuijaribu barabara ya tambarare. Ndugu zangu! Injini ikaacha kulia, ikawa inaguna tu kama mzee aliyeshiba. Vioo vilitulia hadi nikaona sura yangu, nikajipenda. Jambo dogo tu: nikiingiza gia ya tano, pikipiki inasinzia. Mwendo unashuka, nikiongeza mafuta haina habari. Nikasema moyoni, basi ya tano tutaiweka akiba. Sikujua kwamba gia ya nne mpya ilikuwa nzito kuliko hata ya tano ya zamani. Yaani nilikuwa nimetumia siku nzima kupoteza gia moja, na badala ya kulia nikachukua simu nikampigia shangazi.

Shangazi alishaapa hapandi tena pikipiki yangu. Mara ya mwisho alishuka akasema inatikisa hadi mtu anasahau alikuwa anakwenda wapi. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Nimeirekebisha. Safari hii utadhani umekaa kwenye kochi." Akaniuliza mara mbili, "Una hakika, mwanangu?" Nikamwambia nina hakika. Akapanda, mkoba mapajani. Msambazaji naye akafuata nyuma na pikipiki yake, eti anatusindikiza. Nilipaswa kujiuliza kwa nini simu yake ilikuwa tayari kifuani, kamera inatazama mbele.

Hapa naomba tuende polepole.

Kuna mlima. Kila mtu ana mlima wake, na huu wangu una tuta katikati. Nani aliweka tuta katikati ya mlima, mimi sijui. Nilikuja na kasi nzuri, gia ya tatu, shangazi ametulia, hata akasema, "Kwa kweli leo imetulia." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya heshima kati yetu. Nikafika kwenye tuta, nikapunguza mwendo. Kasi yote niliyokuja nayo ikaishia pale.

Nikashuka gia ya pili. Ikakohoa. Nikashuka ya kwanza, na ndipo nilipogundua kwamba ya kwanza haipo tena. Ile niliyoijua, yenye nguvu ya punda, ilikuwa imehama. Iliyobaki ilikuwa kitu fulani kati ya ya kwanza na ya pili, na haikutaka kubeba watu wawili. Nikaibana klachi nusu, nikavuta mafuta. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikasogea kama hatua mbili. Ikaanza kunuka. Shangazi akauliza, "Nini kinaungua?" Nikajibu, "Hakuna, shangazi." Nikaiachia klachi kidogo ili isiungue.

Injini ikazima. Kimya. Nilisikia ndege.

Pikipiki yangu inawashwa kwa kiki, na hapa ndipo hesabu ya viungo ilipokataa. Mguu wa kulia unatakiwa kwenye breki ya nyuma. Huohuo wa kulia ndio wa kupiga kiki. Wa kushoto uko chini, unashikilia pikipiki, mimi, shangazi na mkoba. Mkono wa kulia umebana breki ya mbele na ndio unaotakiwa kuvuta mafuta. Mungu alinipa viungo vinne na mlima ulitaka sita. Kwa hiyo Msambazaji akisema nilikuwa natafuta kiki, hajakosea kabisa. Nilikuwa naitafuta kwa kisigino, bila kuiona.

Gia nilikuwa nimeshaiweka fri, yaani nimeitoa, ili nipige. Nikanyanyua mguu wa kulia kutoka kwenye breki. Breki ya mbele nimeibana hadi vidole vimebadilika rangi, nikiamini inatosha.

Haitoshi. Ukielekea juu mlimani uzito wote uko nyuma, hasa ukiwa na shangazi wa mwili kama wangu, na tairi la mbele linakuwa limegusa barabara kwa adabu tu. Halikuzunguka hata kidogo, breki ilikuwa nzuri. Liliteleza. Likiwa limefungwa kabisa, likaanza kurudi nyuma juu ya changarawe, likitoa sauti kama ya mtu anayesaga meno.

Tukarudi nyuma. Wala si kwa kasi, na hilo ndilo lililoniua. Tungekwenda kasi ingekuwa ajali, watu wangetuonea huruma. Tulirudi kwa mwendo wa bibi harusi. Nilipata muda wa kumwona mzee aliyekuwa anapandisha baiskeli yake kwa mkono upande wa pili. Akanitazama, akasimama, akauliza kwa huruma, "Imekufa?" Na mimi, huku nikirudi nyuma mbele ya macho yake, nikamjibu, "Hapana babu, nimeiboresha."

Shangazi hakupiga kelele. Nilihisi kiti kikiwa chepesi. Alikuwa ameteremka, pikipiki ikiwa bado inatembea, kama mtu anayeshuka kwenye basi alilolizoea, mkoba haujaguswa. Sijui alijifunza wapi.

Uzito wa nyuma ulipopungua nikadhani nimeokoka, tairi la mbele sasa litashika. Lilishika. Ila kufikia hapo tairi la nyuma lilikuwa limeshafika ukingoni mwa mtaro. Likaingia. Polepole, kama mtu anayekaa kwenye maji ya moto. Nyuma ikazama, mbele ikainuka, ikainuka tena, mpaka taa yangu ikawa inaangalia mawingu. Miguu yangu yote miwili ikaiacha ardhi. Na mkono wangu wa kulia, naapa, ulikuwa bado umebana breki ya mbele. Tairi liko hewani, halina pa kwenda, mimi nimelibana lisikimbie.

Hiyo ndiyo picha inayozunguka. Ni ya kweli, sijabisha. Ninachokanusha ni kwamba nilipaza sauti ya "mama". Nilisema "shangazi".

Mengine ni mafupi. Mzee wa baiskeli na Msambazaji walinitoa mtaroni, Msambazaji akitumia mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika simu. Pikipiki ilichubuka kidogo, mimi sana, lakini ndani. Shangazi alishatangulia kwa miguu. Nilipofika kileleni nikiisukuma nilimkuta amekaa, amepumzika, amepata na mtu wa kuongea naye. Usiku uleule nikarudisha ya meno 42 nyuma, mbele nikaweka 15. Klachi bado ina harufu. Vidole vinakufa ganzi lakini baada ya muda mrefu kidogo kuliko zamani, na mlima ule nimeupanda leo asubuhi peke yangu, kabla watu hawajaamka.

Mchana nikaenda kumwomba shangazi radhi. Nikamkuta mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, kisha akaitazama pikipiki kuanzia taa hadi tairi la nyuma, akaniuliza:

"Leo umekuja na meno mangapi?"