Diski Yenye Kisirani

Jamani, diski ya USB ina kazi moja tu duniani: kupokea faili na kuzirudisha. Moja! Hata hiyo inaitafutia visingizio. Unaichomeka kwenye kompyuta ya Linux, taa inapepesa, unaanza kunakili gigabaiti 40, kufika ya 3 kila kitu kimeganda. Mshale wa kipanya unatembea, lakini kunakili kumekufa macho wazi.

Usiichomoe kwa hasira. Fungua terminali, andika sudo dmesg -w, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), usikilize inavyojitetea. Ukiona uas_eh_abort_handler, na nyuma yake mistari ya reset imepanga foleni, jua mchawi ni nani. Mara nyingi ni kile kichipu ndani ya kasha, kinachotafsiri SATA, lugha ya diski yenyewe, kuwa USB. Kimejitangaza kwamba kinajua UAS, yaani kupokea amri nyingi kwa mpigo. Kinajua wapi! Kikirushiwa amri chache za pamoja, kinazirai. Na Linux kwa ustaarabu wake imeamini kila kilichoambiwa.

Dawa ni kukivua cheo. Amri ya lsusb inakupa namba za kifaa, mfano 152d:0578. Chukua za kwako, tafadhali, usibebe za jirani. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/diski.conf, ndani mstari mmoja:

options usb-storage quirks=152d:0578:u

Hapo usb-storage ni moduli, kipande cha kerneli kinachohudumia diski za USB. Hiyo u ya mwisho ndiyo hukumu: huyu asipewe UAS. Kisha sudo update-initramfs -u kwa Debian na Ubuntu, au sudo dracut -f kwa Fedora, ili initramfs, kile kifurushi ambacho Linux inaanza nacho kuwaka, kitengenezwe upya, halafu uwashe mashine upya. Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua, halafu matusi yote anatukanwa pengwini, nembo ya Linux. Moduli ikipakiwa mapema kutoka initramfs ya zamani, faili lako jipya halijasomwa na mtu! Na kama usb-storage imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, modprobe.d ni mapambo, andika usb-storage.quirks=152d:0578:u kwenye mstari wa kuwashia kerneli, kupitia GRUB, programu inayoiwasha Linux. Hakikisha kwa lsusb -t: palipokuwa na Driver=uas pasome usb-storage. Kasi itashuka kidogo. Sawa, afadhali kobe anayefika.

Kuna na wale wasiojua kuhesabu. Diski imegawanywa vipande vidogo, sekta; inaulizwa namba ya sekta ya mwisho, yenyewe inajibu idadi ya sekta zote. Kwa kuwa hesabu inaanzia 0, kerneli inakwenda kugonga mlango wa sekta isiyokuwepo, na makosa ya kusoma yanamwagika mwishoni mwa diski. Hao herufi yao ni c, badala ya u.

Ila kabla ya kuhukumu mtu, badilisha kebo. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500 tu, na diski ya kuzunguka huweza kutaka zaidi inapoanza kujizungusha. Inatoa tik, tik, tik, inapotea. Njaa hiyo; hakuna herufi ya kuitibu.

Na usidhani ni wewe pekee unayeteseka. Ndani ya kerneli kuna faili zima, unusual_devs.h, orodha ya vifaa vya USB vilivyoshindwa kufuata kanuni, kila kimoja na kosa lake. Ndefu kweli kweli! Unaipekua juu mpaka chini ukitafuta namba zako.

Hazimo.