Kamera ya dukani ikikosea, anayepekuliwa ni wewe

Kila nikigusia hizi kamera za kutambua sura madukani najibiwa vilevile, kama hujaiba unaogopa nini. Basi tuanze na mtoto wa miaka 11 aliyesimamishwa na kupekuliwa na wafanyakazi wa Rite Aid, yaliyokuwa maduka ya dawa ya Marekani, sababu mashine ilisema sura yake inafanana na ya mtu aliyemo kwenye orodha yao ya wanaoshukiwa wizi. Hakuwa yeye. Mama yake alisema mtoto aliumia sana moyoni mpaka yeye mama ikabidi asiende kazini. Hayo yamo kwenye mashtaka ya FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ya Desemba 2023.

Wenye maduka nawaelewa. Wizi upo, kuna watu wanaingia wanazoa rafu nzima wanatoka, mhudumu akijaribu kuzuia anapigwa, na mwizi anayerudi kila wiki lazima utake kumjua akiwa bado mlangoni. Na Rite Aid walisema hawakubaliani na madai, yalikuwa majaribio kwenye baadhi ya maduka na walishayaacha.

Ila kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Kwenye mashtaka hayohayo ya Rite Aid: siku 5 tu, alati (mashine kumtahadharisha mfanyakazi) zaidi ya 900, maduka zaidi ya 130 kuanzia New York mpaka Seattle, zote zikidai zimemuona mtu wa picha moja. Yaani alati kama 180 kwa siku, na hiyo miji iko pande mbili za Marekani, hakuna mwizi wa kuzunguka hivyo. Sasa nyuma ya kila alati kuna mtu kaja kununua zake panadol au pampasi, na mfanyakazi ameletewa ujumbe kwenye simu, anamkazia macho, anamfuata rafu kwa rafu, na yeye hajui kosa lake nini manake wateja hawakuambiwa kitu, na wafanyakazi nao walitakiwa wasiseme. Picha zenyewe za kwenye orodha nyingi ni za CCTV na za simu, hazionekani vizuri, afu hakuna aliyepima kwanza mashine inakosea mara ngapi. FTC wanasema ilikosea zaidi kwenye mitaa ya watu weusi na Waasia, walewale ambao hata kabla ya kamera walikuwa wanafuatwafuatwa madukani.

Wapo wanaosema asiyetaka kufuatiliwa ajitoe. Hilo lilishaahidiwa. Kampuni ya Nomi ilikuwa inafuatilia wateja kwa kunasa waifai ya simu zao, miezi 9 ya mwanzo ya 2013 ilikusanya taarifa za simu kama milioni 9, ikaahidi utaweza kujitoa ukiwa dukani, na 2015 FTC ikasema dukani njia hiyo haikuwepo. Na simu angalau unaizima, uso utauacha wapi?

Rite Aid walifungiwa miaka 5 wasitumie hizo kamera, lakini mtoto alishapekuliwa. Mimi naona sheria ianzie mlangoni: tangazo linalosomeka, mashine ipimwe kabla haijawashwa, picha zifutwe baada ya muda, na aliyefananishwa kimakosa aonyeshwe hiyo picha na aombwe radhi. Wakisema huo ni mzigo, sawa ni hela na muda, ila mwenye kaduka ka mtaani mara nyingi hanunui mitambo hii, wanaonunua zaidi ni makampuni yenye matawi mengi, kupima mashine yao hakuwezi kuwashinda.