Mpeni Mtoto Risasi Moja

Kuna video za aina fulani zinazozunguka kwenye simu, na kila ninapoletewa nyingine hasira yangu inaanza upya. Mtoto wa miaka minane au tisa amesimamishwa mbele ya shabaha na bunduki ya mtu mzima. Kitako kimepita chini ya kwapa kwa kuwa ni kirefu mno kukaa begani, na mgongo ameupinda nyuma ili uzito wa mtutu usimvute. Watu wazima walio nyuma yake wanacheka kabla hata hajafyatua. Mlio unatoka, mtoto anaangukia makalio, mtutu unaelekea juu, na kicheko kinazidi. Ndani ya bunduki hiyo zimebaki risasi nne, na hakuna anayeziwaza.

Sina ugomvi na babu anayetaka kumfundisha mjukuu wake kulenga shabaha. Mtoto anayekulia kwenye nyumba yenye bunduki ni heri aijue kupitia mtu mwenye subira kuliko kupitia udadisi wake mwenyewe. Ugomvi wangu ni idadi ya risasi. Mtoto anayeanza apewe risasi moja: moja ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa), magazini (kisanduku cha risasi za akiba) tupu, na anayeiingiza ni mtu mzima. Akishafyatua, bunduki ni tupu. Inafunguliwa, inakaguliwa, ndipo inaingizwa nyingine. Na iwe hivyo kwa miezi, hata akianza kupiga katikati ya karatasi kila mara.

Sababu yake inajulikana na yeyote aliyekaa na wanafunzi wadogo kwenye uwanja wa shabaha. Kosa kubwa la mtoto hutokea baada ya kufyatua. Kabla ya mlio ana woga, na woga unamfanya akumbuke kila alichoambiwa: mtutu mbele, kidole nje ya triga. Risasi ikitoka na karatasi ikitoboka, yote yanafutika kichwani. "Babu, nimeipata!" Anageuka na mwili mzima, na bunduki inageuka naye kwa sababu imo mikononi mwake. Mtutu unapita tumboni kwa babu, unapita kwa wadogo zake walioketi benchi, na kidole aghalabu bado kiko kwenye triga. Ikiwa ni bunduki inayojipakia yenyewe, risasi ya pili imeshaingia chemba bila mtoto kufanya lolote. Huwezi kuiondoa hali hii kwa kufoka, maana ni furaha ya mtoto na mwili wake unaitii. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba mtutu ukigeuka, hauna kitu.

Agosti 2014, kwenye uwanja mmoja wa shabaha huko Arizona, Marekani, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi, bunduki fupi ya kijeshi inayoweza kumimina risasi. Alianza kwa risasi moja moja na mambo yakaenda vizuri. Kisha bunduki ikawekwa kwenye mfululizo, yaani risasi zitoke bila kukoma maadamu triga imebanwa. Ilimnyanyuka mikononi ikaenda juu na kushoto, na mwalimu aliyesimama upande huo akapigwa kichwani, akafa. Oktoba 2008, Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa Uzi ndogo kwenye maonyesho ya silaha. Ilimgeukia mwenyewe, akafa. Katika matukio yote mawili watu wazima walikuwepo, karibu kabisa, wakitazama. Uzi ya kawaida hutoa takriban risasi 10 kwa sekunde moja, na hakuna mkono wa mtu mzima unaoweza kunyooshwa kwa kasi hiyo. Watu walibishana sana baadaye kuhusu umri na vibali. Mimi naona jambo moja: lau ndani ya silaha zile mngekuwa na risasi moja, ingetoka kuelekea kwenye shabaha na yakaishia hapo.

Sasa utaratibu wenyewe. Mtoto akae kwenye meza, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, shabaha iwe mita 10 hadi 15. Uzito wa bunduki ulale kwenye mfuko. Mikono ya mtoto iongoze tu. Wewe simama nyuma ya bega la mkono unaofyatua, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaudaka mtutu na kuuzuia. Usikae kwenye kiti, na wala usipige picha. Ukitaka picha, mtafute mwingine wa kupiga.

Weka risasi, funga bolti (kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma), mwambie alenge. Avute pumzi, aitoe nusu, asite, akaze triga polepole mpaka mlio umshtukize. Kisha fuata kile ambacho wengi hawakifundishi: mlio ukishatoka, abaki vilevile, shavu kwenye kitako na jicho kwenye kilengeo, kwa muda wa pumzi mbili. Atoe kidole kwenye triga. Afungue bolti, ganda litoke, aiache wazi. Alaze bunduki mezani, mtutu mbele, aweke viganja juu ya meza. Hapo ndipo ageuke, aseme, arukeruke apendavyo. Kwa watoto nashauri haya ya baada ya mlio yafundishwe kwanza, bila risasi yoyote, mpaka yawe mazoea, kabla hata ya kufundisha kulenga. Tumia risasi bandia kwa mazoezi hayo, kwa kuwa baadhi ya bunduki za .22, zile za risasi nyembamba, huharibika ukingo wa chemba zikifyatuliwa tupu.

Risasi bandia ina kazi nyingine, na inawezekana tu kwa kuwa anayepakia ni wewe. Baada ya siku chache mtoto ataanza kufumba macho na kusukuma bega sekunde moja kabla ya mlio. Atakwambia hafanyi hivyo, na atakuwa anaamini anachosema. Pakia bila yeye kuona, mara risasi ya kweli, mara bandia. Bandia ikilia "tik", wote wawili mtauona mtutu ukidondoka chini peke yake. Hakuna hotuba inayofundisha kama hilo. Magazini iliyojaa haikupi nafasi hiyo.

Wapo watakaosema ni polepole mno. Nakubali, ni polepole. Boksi la risasi 50 mtalimaliza kwa siku kadhaa, na mtoto atalalamika. Lakini nusu saa inatosha kwa mtoto wa miaka tisa. Baada ya hapo shingo imechoka, na aliyechoka huanza kushika bunduki ovyo. Wengine watasema kuna kufuli la usalama, kile kitufe cha kwenye bunduki kinachozuia isifyatuke. Kufuli hilo ni kipande cha chuma kinachochakaa, na mtoto mwenye furaha halikumbuki. Lifundishe, usilitegemee.

Kuhusu bunduki ya kuanzia, iliyo bora ni ya .22 inayoingia risasi moja kwa mkono, au ya upepo ya milimita 4.5 yenye vichwa vya madini laini ya risasi. Epuka vile vigololi vya chuma vya bunduki za upepo, maana vikigonga kitu kigumu vinarudi usoni. Kitako kiwe kifupi: akikiweka kwenye kunjo la kiwiko, kidole kifike triga bila kunyoosha bega. Kitako kirefu ndicho kinachomwangusha mtoto kwenye zile video. Bastola msianze nayo kabisa. Mtutu wake ni mfupi, na kuuelekeza kwa mtu wa pembeni kunahitaji kukunja kifundo tu. Angalieni pia jicho linaloongoza, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi wakati wa kulenga. Mtoto wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto linaloongoza atakosa shabaha na kujiona mjinga, na kosa si lake.

Wapo wanaoanza na shotigani nyepesi ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba) wakidhani mtutu mwembamba ni bunduki ya mtoto. Bunduki nyepesi husukuma bega zaidi, si kidogo. Na kuna hatari mbaya zaidi pale risasi za geji 20 na za geji 12 zinapochanganyika mfukoni. Ya 20 ikitiwa kwenye bunduki ya 12 huteleza ndani ya mtutu na kukwama, chemba inaonekana tupu, mtu anatia ya 12 nyuma yake na kufyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya 20 hutengenezwa ya njano. Siku ya mtoto, ije aina moja tu ya risasi uwanjani.

Risasi ikigoma kulia, mtutu ubaki mbele, mhesabu sekunde 60 kabla ya kufungua bolti, kwani baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, simamisheni kila kitu mkague mtutu. Huenda risasi imekwama ndani.

Nyuma ya shabaha liwe tuta la udongo lisilo na mawe. Risasi ya .22 ambayo watu huiita ya kuchezea husafiri zaidi ya kilomita 1.5. Juu ya maji au mwamba inadunda.

Masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri mlio anaousikia mtoto usizidi desibeli 120, na bunduki nyingi hupita 140. Vizibo ndani, vifuniko juu, pamoja na miwani, kabla hajakaribia uwanja. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya risasi ile nyingine, madini yenyewe, ambayo mwili wa mtoto huyafyonza kwa wingi kuliko wa mtu mzima.

Mkirudi nyumbani, toeni magazini kwanza, ndipo mvute bolti. Mkigeuza mpangilio huo, bolti inatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha mnatoa magazini na kuamini bunduki ni tupu. Angalieni chemba kwa macho, kisha kwa kidole kidogo. Bunduki kwenye kabati lenye kufuli, risasi kwenye kufuli lingine, ufunguo kwa mtu mzima. Msijidanganye kwamba mtoto aliyefundishwa hatagusa. Watoto waliofundishwa vizuri wamepimwa kwenye tafiti za Marekani, na wengi wao walipoikuta bunduki wakiwa peke yao waliigusa. Mafunzo ya uwanjani hayachukui nafasi ya kufuli.

Lini apewe risasi ya pili? Umri hausemi lolote hapa. Mtazame siku nne au tano mfululizo bila kumkumbusha neno: kidole nje, bolti wazi, bunduki chini, viganja mezani, ndipo tabasamu. Akifanya hivyo kila mara, hata siku aliyopiga katikati kabisa, tia mbili kwenye magazini. Mbili, si tano. Akigeuka nayo hata mara moja, rudini kwenye moja siku hiyohiyo, bila kumfokea, na umweleze kwa nini.