Kitanda Bado Kina Nailoni

Kuna shule ya msingi huku visiwani kwetu Lamu, jina nitalihifadhi, yenye chumba kilichobandikwa bamba la marumaru: "Chumba cha Wagonjwa", na chini yake jina la mfadhili, kwa herufi kubwa kuliko za shule. Nilimwomba mwalimu mkuu anifungulie. Ufunguo ukatafutwa weee. Ndani mna kitanda, godoro lake bado limo kwenye nailoni, mizani ya kupimia uzito, na madawati mabovu yamerundikwa mpaka dirishani. Muuguzi hakuna.

Nje, chini ya mkungu, mwalimu wa darasa la nne alikuwa amechuchumaa akimwosha mtoto mguu kwa maji ya chumvi. Mtoto alichomwa na mwiba wa samaki taa siku tatu kabla, akienda kuvua na babake. Mamake alimfunga kipande cha leso, nacho kikashikana na kidonda, ikabidi kilowekwe taratibu ndipo kibanduke. Mtoto hakulia. Kule darasani wenzake walikuwa sokoni kabisa, kwa zile kelele.

Sina ugomvi na mfadhili yule, Mungu amlipe. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu ya kutoa kinachopigika picha. Choo, tangi, mikoba, chumba. Nani aliwahi kukata utepe wa mshahara? Na muuguzi ni mshahara, kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakuna mgeni wa kuja kukagua.

Ukimuuliza mkubwa yeyote, kila mmoja atakuonyesha mlango wa mwenzake. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti huduma za afya, shule za msingi zikabaki kwa serikali kuu. Basi muuguzi wa shule hana kwao. Mwalimu ndiye amebeba mzigo. Dawa za minyoo, tangu mpango wa kitaifa uanze 2009, yeye ndiye anayezigawa, na kwa hilo anaweza. Lakini pumu je? Kifafa? Msichana aliyeanza hedhi katikati ya somo, na mwalimu ni mwanamume? Na yule asiyeona ubao, ambaye tumeshamwita mzito wa kichwa?

New York waliwahi kukwama hapa hapa. Madaktari walikuwa wakikagua watoto wa maskini shuleni, mwenye upele au ugonjwa wa macho anarudishwa nyumbani, basi. Hakuna wa kumtibu, anakaa huko wiki nenda wiki rudi. Mwaka 1902 Lillian Wald, muuguzi aliyeendesha kituo cha hisani katika mtaa wa wahamiaji, akajitolea kumtoa muuguzi wake mmoja, Lina Rogers, kwa mwezi mmoja, shule nne. Alisafisha vidonda, akawafuata watoto majumbani, wakarudi darasani. Jiji lilipoona, likaajiri wauguzi wengine kwa fedha zake.

Kwetu mwezi mmoja hautoshi. Kusi likivuma boti zenyewe huenda zisitoke. Lakini sisi tuna kitu kikongwe zaidi: wakfu. Wazee wetu walitoa minazi na nyumba, shina haliuzwi, tunda ndilo linalotumika, misikiti na visima vikatunzwa hivyo. Kwa nini kodi ya duka moja pale Amu, Lamu mjini, isimlipe muuguzi mmoja anayezunguka shule nne tano kwa boti? Wenye majumba kijijini Shela, wenyeji kwa wageni, nao wakaribie. Mafuta ya boti peke yake ni sadaka nzito.

Najua nitaambiwa nawapunguzia kaunti wajibu wao. Kweli, hofu hiyo ninayo. Ndiyo maana ningetaka muuguzi huyo aweke daftari: nani hakuja shule, kwa nini, alirudi lini. Baada ya miaka mitatu daftari lipelekwe ofisini, liwekwe mezani, watu wakae hapo hapo mpaka lijibiwe. Likikataliwa, duka bado lipo na kodi inaingia.

Yule mtoto alipomaliza kufungwa bandeji aliuliza kama arudi darasani. Mwalimu akamwambia aende nyumbani mpaka mguu upone. Akajitia mkoba begani, akatoka akichechemea, na nyuma yake mwalimu mkuu alikuwa anafunga tena kile chumba kwa kufuli.